Kubana mafaili kwenye Windows: nimekoma kubana diski nzima

Nina steshenari Ngamiani, hapa Tanga, na kompyuta yangu ina diski ya GB 128 tu. Ilipojaa hadi ikagoma kuprinti, fundi mmoja alifungua sifa za diski C, akatiki kile kiboksi cha kubana kila kitu, akachukua hela yake akaondoka. Mashine ikasaga usiku kucha. Asubuhi nafasi niliyopata haikufika GB 5, na feni inalia kama cherehani.

Diski yenyewe ilijaa picha za pasipoti za JPEG na video za harusi. Hizo zilishabanwa tangu zinatengenezwa. Ni machicha, ukamue usikamue, tui hupati. NTFS, yaani mfumo ambao Windows hutumia kupanga mafaili kwenye diski, hujaribu kipande kwa kipande cha KB 64, na kisichopungua hukiacha kilivyo, ila huko kujaribu tu kunaichosha prosesa.

Mlafi wa kweli alikuwa skana yangu ya zamani, inayohifadhi kwa BMP, aina ya picha ambayo kwa kawaida haibanwi. Cheti kimoja cha A4 cha rangi, nukta 300 kwa inchi, kinafika MB 25! Nikafungua dirisha la amri ndani ya folda ya skani, nikaandika compact /c /s *.bmp. Sasa nikitazama sifa za kile cheti naona saizi mbili: MB 25, na chini yake nafasi kinayokalia kwenye diski, MB 11. Ubora haujapungua hata nukta moja.

Video nikazifumua, yaani nikaziondolea kule kubanwa, kwa compact /u. Hapo nilikwama, maana kufumua nako kunataka nafasi. Ikabidi kwanza nihamishie nyingine kwenye diski ya nje. Folda ya mafaili ya wateja, yale ya waja leo waondoka leo, siigusi kabisa.

Kero zipo. Amri ile inashika yaliyopo tu. Skani za kesho unairudia, au uiwekee folda yenyewe alama ya kubana. Na hata ukishaiwekea, faili unalolikopi humo linabanwa, lakini ukilihamisha tu kutoka folda nyingine ya diski hiyohiyo linabaki kama lilivyokuwa. Nilikuja kushtuka BMP za wiki nzima zimekaa na unene wao.

Halafu mteja akileta fleshi ya FAT32, mfumo wa mafaili usiojua kubana, cheti kinarudi MB 25 zake kamili. Siku hizi namuuliza kabisa fleshi yake imebaki nafasi kiasi gani.