Aproni za Jikoni Zinazoshonwa Karibu Nawe: Ipi Ipewe Nafasi ya Kwanza

Aproni ya jikoni mara chache huchakaa yote kwa wakati mmoja. Huanza kuachia mahali palepale: kamba ya kiuno inaposhikana na kitambaa, pembe za juu za mfuko, na ukanda wa shingoni unaobeba uzito wote. Mnunuzi anayetanguliza rangi na maua ya kitambaa huwa ameanza na jambo lisilohusiana na umri wa aproni. Faida kubwa ya kununua kwa fundi au karakana unayoweza kuifikia ni kwamba kitambaa, mshono na vipimo unaweza kuvikagua, na hata kuviagiza upendavyo, kabla hujalipa. Asiyeitumia nafasi hiyo ni afadhali anunue tu iliyokwisha kutundikwa dukani.

Kitambaa ndicho kinachoamua mengi, na uzito wake hupimwa kwa gramu katika mita moja ya mraba. Kitambaa chepesi cha shati, chenye gramu 110 hadi 130, hupitisha maji na mafuta papo hapo, hivyo aproni yake ni pambo. Aproni ya kazi huhitaji gramu 200 hadi 300. Fundi asiyejua uzito wa kitambaa chake asikukatishe tamaa: pima kipande cha sentimita 50 kwa 50 kwenye mizani ya jikoni, kisha zidisha kwa 4. Kikiwa na gramu 60, kitambaa hicho ni cha gramu 240.

Nafasi ya kwanza naipa pamba nzito ya kaki, yaani ile iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, yenye gramu 240 hadi 280. Hufyonza majimaji, hustahimili maji ya moto ya kufulia, na hulainika kadiri inavyotumika. Pamba pia haiyeyuki karibu na moto, ingawa huwaka, na hakuna aproni ya kawaida inayopaswa kuchukuliwa kuwa kinga dhidi ya miali. Kasoro yake ni kurudi: pamba isiyotayarishwa kiwandani inaweza kupungua kwa asilimia 5 au zaidi katika ufuaji wa mwanzo, na aproni ya urefu wa sentimita 90 ikapoteza sentimita 4 au 5. Mwambie fundi akiloweke na kukikausha kitambaa kabla ya kukikata. Ukitaka uhakika, chora mraba wa sentimita 20 kwenye kipande cha majaribio, kifue kwa maji ya moto, kikauke, kisha upime tena. Mraba ukitoka na sentimita 19, huo ni upungufu wa asilimia 5.

Ya pili ni mchanganyiko wa poliesta na pamba, hasa ule wa asilimia 65 kwa 35 unaotumika sana katika sare za kazi. Hukauka haraka, haukunjamani sana, hurudi kidogo na rangi yake hudumu. Kwa jiko la biashara linalofua aproni nyingi kila siku, ningeuweka wa kwanza bila kusita. Kwa nyumbani naushusha, kwa sababu hufyonza maji kidogo zaidi, na poliesta huyeyuka inapofikia nyuzijoto 250 hadi 260 hivi, ikaweza kuganda kwenye ngozi. Muuzaji akidai kwamba kitambaa ni pamba tupu, chomoa uzi mmoja, ushike kwa koleo na kuuchoma juu ya sinki: pamba huacha jivu jepesi linalosagika na harufu ya karatasi iliyoungua, ilhali poliesta hujikunja na kuacha punje ngumu.

Turubai la pamba na jinzi nafasi yao ni ya tatu, na hapa ndipo wanunuzi wengi wataniona mkali. Vitambaa hivi vinapendeza na ni imara mno, lakini jinzi ya gramu 340 hivi inayoning'inia shingoni kwa saa nyingi ni mzigo, tena hukawia kukauka. Jinzi ya buluu iliyoiva huchuja pia. Isugue kwa kitambaa cheupe chenye unyevu, na kikitoka na doa, aproni itaacha doa hilohilo kwenye shati lako. Atakayechagua kundi hili adai mikanda inayopishana mgongoni, ambayo huhamisha uzito kutoka shingoni hadi mabegani.

Kitani ni kizuri, hufyonza haraka na huzidi kuwa na nguvu kinapolowa, lakini bei yake mara nyingi ni kubwa na mikunjo haimwachi mtu. Aproni iliyopakwa plastiki iwe ya kuoshea vyombo au kusafishia samaki tu: haipitishi hewa, haifai karibu na jiko, na plastiki hiyo hupasuka pale inapokunjwa mara kwa mara.

Ukishachagua kitambaa, igeuze sampuli ndani nje. Pindo liwe limekunjwa mara mbili ili ncha za nyuzi zisionekane; pindo lililopigwa ovaloki (mshono wa mashine unaozungushia ukingo wa kitambaa) peke yake hufumuka mapema. Pembe za mfuko na miungano ya kamba ziwe na mshono mzito wa kurudiarudia mahali pamoja, au mshono wa mraba wenye msalaba ndani, na kamba iwe imeingia ndani ya pindo badala ya kubandikwa juu yake. Vuta kwa nguvu; fundi anayeiamini kazi yake hatakuzuia. Uzi wa kushonea uwe wa poliesta hata kama kitambaa ni cha pamba, kwa kuwa uzi dhaifu hukatika kabla ya kitambaa. Ukanda wa shingoni uwe na bizimu au pete za kurekebishia urefu, na kila kamba ya kiuno ikikaribia mita 1, watu wengi wataweza kuizungusha na kuifunga kwa mbele.

Vipimo vina hesabu yake katika bei. Kitambaa cha upana wa sentimita 150 hutoa aproni mbili za sentimita 70 zikiwa ubavu kwa ubavu, pamoja na sentimita 2 za pindo kila upande. Ukiomba sentimita 75, aproni ya pili haiingii tena, na mabaki yote ya jora utayalipia wewe.

Kuhusu nani ashone, fundi wa cherehani moja anatosha kwa aproni chache za nyumbani, mradi mashine yake ipenye tabaka nne za kitambaa kizito bila kuruka mishono. Kwa oda ya mkahawa au shule, karakana yenye mashine za kiwandani hushinda, kwa sababu aproni ya mwisho hufanana na ya kwanza. Kabla ya kutoa malipo ya awali, agiza sampuli moja, ifue mara tatu, kisha andika vipimo vyake vya mwisho na ubaki nayo hadi oda itakapokamilika. Rangi moja hutofautiana kati ya jora na jora, kwa hiyo omba oda nzima ikatwe katika kitambaa cha mkupuo mmoja, pamoja na kamba chache za akiba.