Traka, kufuli la usukani na ribiti za vioo: uzoefu wangu wa miezi kumi na minne Mtwara

Gari langu ni Toyota IST ya mwaka 2004, na kila usiku hulala nje ya nyumba ninayopanga Shangani, chini ya mwembe, kwa kuwa kiwanja hakina geti. Naanza na huo mwembe kwa sababu ndio ulionigharimu. Gari lilikuwa na alamu ya kawaida ya rimoti, yenye kihisio kinacholia gari likitikiswa. Msimu wa embe ulipofika, kila embe lililodondoka juu ya bati la gari liliamsha king'ora, na upepo wa baharini ulipenda kuyadondosha saa nane za usiku. Majirani walivumilia siku nne. Siku ya tano mama mwenye nyumba aliniita akaniambia kwa upole, "Mwanangu, hilo gari lako linalia kuliko mtoto mchanga." Kwa aibu nikamwomba fundi apunguze ukali wa kihisio hadi mwisho.

Hazikupita wiki mbili nikaamka na kukuta raba ya kile kioo kidogo cha pembe ya mlango wa nyuma imekatwa kwa ustadi, kioo chenyewe kimelazwa mchangani bila hata ufa, na ndani redio, swichi za vioo na kontroli boksi (kompyuta ya gari) havipo. Saiti mira, yaani vioo vya pembeni, zote mbili zilikuwa zimekwenda pia. Gari lilibaki pale pale, na alamu haikutoa sauti hata moja.

Nilikwenda polisi nikapewa RB, yaani namba ya taarifa yangu kituoni, kisha nikafanya kile ambacho sasa nakiona kuwa kosa la watu wengi: nilinunua vifaa vya kumzuia mwizi wa gari zima, ilhali aliyenijia alikuwa mwizi wa vipuri. Fundi umeme wa magari alinifungia traka ya GPS pamoja na rilei (swichi ya umeme) ya kuzima injini kwa shilingi 180,000, na nikaongeza kufuli la usukani la shilingi 45,000. Wazo la kuandika namba kwenye vioo na kupiga ribiti, yaani pini za chuma za kubania, kwenye saiti mira alilitaja mwishoni kabisa, kama mtu anayekumbuka chumvi baada ya kuepua chungu, na kwa kazi hiyo nilimlipa shilingi 35,000.

Niieleze traka kwanza, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana. Kifaa chenyewe ni kidogo kuliko viberiti viwili vilivyounganishwa. Hupokea ishara za setilaiti ili kijue kilipo, kisha hutuma mahali hapo kwenye simu yangu kwa kutumia laini ya simu iliyomo ndani yake, kwa hiyo setilaiti peke yake haitoshi: pasipo mtandao wa simu, kifaa kinajua kilipo lakini hakina wa kumwambia. Hapa mjini, kuanzia Shangani na Ligula hadi Mikindani, nukta kwenye ramani husogea karibu sawasawa na gari. Nikienda Newala kwa njia ya Nanyamba na Tandahimba, ambako hupeleka vifaa vya ujenzi, kuna vipande ambavyo nukta husimama, halafu mtandao ukirudi safari yote iliyopita huingia kwa mkupuo. Mke wangu aliwahi kuniona nimeganda sehemu moja kwa saa nzima na akapiga simu akidhani nimepata ajali, kumbe nilikuwa nimeshafika na ninakula.

Jambo ambalo fundi hakuniambia, na ambalo ningetaka kila mnunuzi aliulize kabla ya kutoa fedha, ni laini ile imesajiliwa kwa jina la nani. Yangu ilikuwa imesajiliwa kwa alama za vidole vya mtu nisiyemjua. Siku laini hiyo itakapofungiwa, traka nayo itakufa bila kuaga, na kwenda kuomba ifunguliwe huwezi kwa sababu si yako. Nilinunua laini nyingine kwa kitambulisho changu na kumrudisha fundi kazini. Hapo hapo nikagundua kuwa nywila ya kifaa ilikuwa bado ile ya kiwandani, 123456, ambayo traka nyingi za bei nafuu huja nayo. Maana yake ni kwamba yeyote mwenye namba ya ile laini angeweza kutuma ujumbe mfupi na kuzima injini yangu. Nilibadilisha nywila nikiwa nimesimama pale gereji, na nikamtaka fundi afute akaunti yangu kwenye simu yake, kwa sababu sioni mantiki ya kujikinga na wezi huku mtu mwingine akijua kila usiku gari langu limelala wapi.

Rilei ya kuzima injini hukata umeme unaokwenda kwenye pampu ya mafuta. Tuliijaribu gari likiwa limesimama, na baada ya ujumbe wangu injini ilizimika katika muda wa kama nusu dakika. Jaribio la kweli lilikuja bila kutarajiwa. Jumapili moja adhuhuri simu ilinijulisha kuwa gari limewashwa, nami nilikuwa msibani na ufunguo nilikuwa nimeuacha nyumbani. Nilifungua ramani nikaona linaelekea Mikindani kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa. Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe. Nilijizuia, kwa kuwa injini ikizimwa ghafla gari likiwa kasini, breki hupoteza msaada wa injini na usukani unaweza kuwa mzito, na barabara ile ina watembea kwa miguu na bodaboda wasio na hatia. Badala yake nikampigia mpwa wangu. "Mjomba," akajibu kabla sijauliza chochote, "nampeleka rafiki yangu tu, narudi sasa hivi." Nilisubiri mpaka nukta iliposimama Mikindani, ndipo nikazima, na yule kijana alirudi kwa bajaji. Kwa kazi hiyo mfumo ulistahili sifa zote.

Hata hivyo siwezi kusema kwamba traka imewahi kuniokolea gari, kwa sababu hakuna aliyejaribu kuliiba gari zima. Nina mashaka nayo kwa hali yetu ya mpakani. Kutoka hapa hadi kivuko cha Kilambo kwenye Mto Ruvuma si mwendo wa kutisha, na kwa upande wa Masasi kuna Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lililofunguliwa mwaka 2010. Laini ambayo haijawezeshwa kutumika nje ya nchi hunyamaza mara gari likishaingia mtandao wa Msumbiji. Zaidi ya hapo, kifaa hunyonya betri kidogo kidogo: nilipokaa Dar es Salaam siku kumi na sita, nilirudi na kukuta betri yangu, ambayo ilikuwa imezeeka tayari, haina nguvu hata ya kuwasha taa ya ndani.

Kufuli la usukani halina maelezo mengi. Ni chuma chekundu kinachoonekana kutoka nje, na kuonekana ndiko kazi yake. Mwenye msumeno mzuri atalikata, au ataukata usukani wenyewe. Hewa ya chumvi ilianza kulishika kutu mwezi wa tatu, na sasa nalipaka mafuta kila mwezi, la sivyo ufunguo hugoma asubuhi ninapokuwa na haraka. Bado nalitumia.

Kilichonishangaza ni zile shilingi 35,000. Fundi alichora namba ya gari kwenye vioo vyote, kuanzia kile kikubwa cha mbele hadi vile vya saiti mira, kwa dawa inayokula kioo, kisha akavibana vioo vya pembeni kwa ribiti kwenye maganda yake. Sura ya gari iliharibika kidogo, na mtu akitaka kununua gari hili pengine atalalamika. Lakini mwezi wa nne mwaka huu niliamka nikakuta mikwaruzo ya bisibisi kuzunguka saiti mira ya kushoto, ribiti moja imelegea, na kioo kipo. Mtu alikuja, akahangaika, akaona kioo chenye namba ya gari langu hakitamletea mteja kirahisi, akaondoka. Traka usiku ule haikuona chochote, kwa kuwa gari halikusogea, na alamu, kama mnavyojua, ilikuwa imenyamazishwa na embe.

Nimelipa tena ada ya mwaka ya traka, shilingi 60,000, zaidi kwa ajili ya mpwa kuliko wezi. Kama ningekuwa na fedha kidogo tu ningeanza na vioo, na ningehakikisha kwamba bima inataja wizi, kwa sababu bima ndogo niliyokuwa nayo hulipa madhara niliyowasababishia watu wengine na redio yangu haiihusu.

Kile kioo kidogo cha mlango wa nyuma bado sijakipatia dawa. Raba mpya hukatwa kwa wembe kama ya zamani, na gundi ya silikoni aliyoipaka fundi nayo ni laini vilevile. Kwa sasa redio niliyonunua badala ya ile ni ya kuchomoa, nalala nayo ndani, na usiku naliacha droo la dashibodi wazi ili atakayemulika tochi aone kuwa hamna kitu.