TAHADHARI: Makopo ya spray ya bei chee yanayozungushwa magereji Tanga

Mafundi wenzangu wa Tanga mjini, nyie wa Ngamiani, Makorora, Chuda mpaka Kange huko, na ndugu zetu wa Muheza pia, someni hii kabla hamjatoa hela. Kuna jamaa anazunguka kwenye magereji na karakana za kuchomelea, ana pikipiki na maboksi nyuma, anauza rangi ya spray karibu nusu ya bei ya dukani, anasema ni mzigo wa kontena umebaki anataka umalizike, na ukichukua boksi zima la makopo 12 anakupunguzia tena. Jina silitaji, na analojitambulisha nalo lenyewe linabadilika kila mtaa. Ila mzigo wake mwingi ni famba, kashapiga mafundi kadhaa huku kwetu na mimi nimo, na inaniuma sana kwa sababu hasara inaangukia kwa mteja ambaye hana kosa lolote.

Anavyofanya ni hivi. Anakuja na kopo la kujaribia, analitikisa mbele yako, anapuliza kwenye kipande cha bati, rangi inatoka laini na inakaa vizuri, na hilo kopo kweli ni zima. Ukishalipa akaondoka, makopo ya juu ya boksi nayo yako poa, unafurahi, unaanza kazi ya mtu, sasa ukifika ya chini ndo unakuta mengine gesi imekata wakati rangi bado inacheza ndani, mengine yanatema matone, mengine ni kama thina tupu unapita mara nne mara tano chuma bado kinaonekana. Geuza kitako uangalie pale wanapogonga namba ya toleo na tarehe, kwenye mengi pamefutwa, wino umeburutwa. Na kuna lebo zilizobandikwa juu ya lebo nyingine, ukizikwangua kwa ukucha chini unakuta ni rangi nyingine kabisa.

Ukimpigia simu jibu lake ni moja tu, fundi wewe hujui kupuliza. Hapa ndo vijana wanaoanza kazi wananyamaza, wanajilaumu wenyewe, na yeye anaendelea kuuza mtaa wa pili. Kwa hiyo visingizio vyake nitavijibu kimoja kimoja ili asimtishe mtu.

Atasema hujatikisa. Kopo la rangi lina gololi ndani, unatikisa mpaka uisikie inagonga kwa uhuru, halafu unaendelea dakika moja au mbili baada ya hapo. Kama umetikisa hivyo na bado inatoka maji, tatizo si mkono wako. Na kama gololi haisikiki kabisa kwenye kopo la rangi, shtuka (klia, ile ya juu isiyo na rangi ya kung'arisha, ni habari nyingine, nyingi hazina gololi).

Atasema umepuliza vibaya. Umbali ni sentimita 20 mpaka 30, mkono unatembea muda wote, unaanza kubonyeza kabla hujafika kwenye kazi na unaachia ukishaipita, unapiga koti nyepesi nyepesi na kusubiri kama dakika kumi kati ya moja na nyingine au muda ulioandikwa kwenye kopo. Ukikaribia sana inatiririka, ukienda mbali sana inafika imeshaanza kukauka inakuwa na vumbivumbi. Hayo ni makosa ya mkono ndiyo. Lakini rangi kukosa kabisa uwezo wa kufunika, au gesi kuisha kopo likiwa nusu, mkono hauwezi kusababisha. Isipokuwa tu kama ulikuwa unapuliza kopo likiwa kichwa chini, hapo gesi inatoka yenyewe rangi inabaki.

Atasema ni unyevu wa pwani. Hiki kina ukweli ndani yake na ndo maana kinawashika watu. Masika hapa kwetu, ukipuliza rangi inayokauka haraka hewa ikiwa nzito, inafanya ukungu mweupe juu kama maziwa. Sasa chukua kopo la dukani unaloliamini na la kwake, puliza kwenye bati moja saa ile ile ubavu kwa ubavu. Unyevu hauchagui kopo.

Atasema umepuliza juu ya rangi ya zamani ndo maana imekunjamana. Inatokea kweli, thina kali ya rangi mpya inainua ile ya chini. Ila tenki la bodaboda lililoharibika kwangu lilikuwa limepigwa msasa mpaka chuma, likafutwa mafuta, likapigwa praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, ikakauka, na hiyo praima ilikuwa ya dukani.

Kinachonitisha zaidi ni nyeusi anayoiuza kama rangi ya moto, ya ekzosi na majiko, kaandika digrii 600. Ni nyeusi ya kawaida iliyobandikwa lebo. Rangi ya moto ya kweli ina silikoni na inakomaa kwa kupashwa moto, kwa hiyo kabla ya kupashwa hata ile halali inaweza kutoka ukiifuta kwa petroli, msiihukumu kwa hilo. Ijaribuni hivi: puliza kwenye mfuniko wa bati, acha ikauke kabisa, ipashe nje taratibu ukiwa upande unaotoka upepo. Halali inaweza kutoa moshi kidogo mara ya kwanza halafu inatulia. Ya kwake inavimba malengelenge, inanuka, inabanduka. Na watu wanapikia kwenye majiko hayo jamani! Sehemu inayogusa chakula msipulize rangi yoyote hata ile nzuri.

Halafu anashauri kopo likikosa nguvu uliweke karibu na moto. MSITHUBUTU. Gesi ya ndani kwa kawaida ni jamii ile ile ya gesi ya kupikia, na makopo yameandikwa wazi yasizidi digrii 50. Likilipuka karakanani karibu na mtu anachomelea tutazika mtu.

Kuna vijana pia wanapita kununua makopo matupu, wanataka yenye lebo safi na mfuniko wake. Mtu wa skrepa mfuniko wa plastiki ana kazi nao gani? Sina ushahidi kwamba ni watu wake wanaoyajaza upya, ila mimi siwauzii tena. Kopo likiisha bonyeza mpaka gesi yote itoke, ng'oa kichwa cha kupulizia, kwangua lebo kwa msasa, vunja mfuniko. Usilitoboe wala kulichoma.

Kama lazima ununue kwa mtu anayezunguka, chagua wewe mwenyewe kopo la chini ya boksi, ulijaribu kwenye chuma chako, na uyaweke yote kwenye mzani moja moja. Ya aina moja na ujazo mmoja yakipishana uzito sana achana nayo. Mwambie akupe risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Huyu wetu ukitaja risiti tu anafunga maboksi yake.

Waliokwisha kuuziwa msiyatupe. Wekeni makopo, boksi, na meseji za malipo, mnitumie inbox picha za vitako na lebo, tunakusanya pamoja tupeleke TBS (Shirika la Viwango) na Tume ya Ushindani, tukienda wengi na vielelezo mkononi ndo watatusikiliza.