Kwa miguu Haight-Ashbury: ziara inayowafuata vijana waliotafuta nuru

Ziara za kutembea katika mtaa wa Haight-Ashbury, San Francisco, ni nyingi, na nyingi kati yake huuza bidhaa ileile: nyumba walizopanga wanamuziki, fulana za rangi na hadithi za kiangazi cha mwaka 1967, vijana walipomiminika mtaani humo. Ile niliyoilipia dola 40 mwezi Julai ilikuwa ya namna nyingine, ndiyo maana naona inastahili kuelezwa kwa kirefu. Haikujishughulisha sana na mavazi ya mahipi, vijana wale walioyakataa maisha ya wazazi wao, wala walichovuta. Ilijishughulisha na swali moja: kijana wa miaka 19 aliyeondoka kwao, akaacha chuo na ibada za wazazi wake, akaja kulala sakafuni katika mtaa huu, alikuwa anatafuta nini, na je, alikipata?

Aliyetuongoza ni bibi aliyekwisha kupita miaka 75, ambaye alishuka basi mjini humo akiwa na umri huohuo wa miaka 19. Hakujipamba kwa ushujaa wowote. Alituambia mapema kwamba wengi wa wenzake walikuja kutafuta muziki na mapenzi, na kwamba hilo si la kukanusha, ila yeye angetuonyesha njia ya wale wachache waliobaki na kiu hata baada ya muziki kunyamaza.

Tulianzia Golden Gate Park, kwenye mteremko wa nyasi unaojulikana kama Hippie Hill. Hapo alisimulia mkutano wa mahipi wa tarehe 14 Januari 1967, uliofanyika ndani zaidi ya bustani hiyo na kukusanya watu wanaokadiriwa kufikia 20,000 au zaidi. Timothy Leary, mwalimu wa zamani wa Harvard aliyekuwa akiwahimiza vijana kutumia LSD, dawa ya kulevya inayoleta maono, alihutubia siku hiyo, na ndiye anayekumbukwa na vitabu. Lakini jukwaani humo alikaa pia Shunryu Suzuki, mtawa wa Kizen (tawi la Ubuddha linalosisitiza kuketi kimya na kutafakari) kutoka Japani, ambaye hakuwa na hotuba ya kutoa. Bibi alitaka tuwaweke watu hao wawili akilini, kwa kuwa ziara yake yote ilikuwa safari ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine.

Kisha akatutaka tuketi kimya kwa dakika kumi. Wapo waliosita, nami nikiwa mmojawapo, kwa sababu ukungu ulikuwa bado haujainuka na nyasi zilikuwa na umande. Alipita nyuma ya kila mmoja wetu, na alipofika kwangu aliweka ncha za vidole viwili chini kabisa ya mgongo wangu, akasukuma kidogo sana, mpaka kichwa kikainuka chenyewe na kifua kikafunguka. Hakusema neno. Kwa dakika zilizobakia nilisikia goti likiwaka moto, ngoma zikipigwa mbali, na pumzi yangu mwenyewe, ambayo sikumbuki lini niliwahi kuisikiliza namna ile. Kama ziara ingeishia hapo, nisingedai fedha zangu.

Kutoka bustanini tulikwenda namba 518 ya mtaa wa Frederick, ambako mapema mwaka 1967 wafuasi wa A. C. Bhaktivedanta Swami, mwalimu wa dini ya Kihindu, walifungua hekalu la Radha Krishna katika chumba cha duka. Swami huyu alikuwa ametoka India kwa meli ya mizigo mwaka 1965, mzee wa miaka 69, bila mali ya kutajika. Tarehe 29 Januari 1967 wanafunzi wake waliandaa usiku wa muziki na nyimbo za ibada katika ukumbi wa Avalon, kwa kiingilio cha dola mbili na nusu. Kundi la Grateful Dead lilikuwa miongoni mwa waliopiga, naye mzee mwenyewe akapanda jukwaani na kuwaimbisha maelfu ya vijana jina la Krishna, mungu wa Kihindu. Hata hivyo, bibi hakutusimamisha pale kwa ajili ya usiku ule. Alitaka tujue kwamba hekalu lilikuwa likiwapa vijana chakula bure, na kwamba yeye aliingia mara ya kwanza kwa njaa, si kwa imani. Aliimba kwa sababu sahani ilikuja baada ya wimbo. Wiki ya tatu, alisema, akajikuta amekuja mapema ili aimbe. Ni maelezo ya kweli kuliko mengi niliyowahi kusikia kuhusu namna mtu anavyoanza kuabudu.

Mtaa wa Haight wenyewe tuliupita haraka. Kwenye namba 1535, lilipokuwa duka la Psychedelic Shop, tulielezwa kwamba ndugu wawili wa ukoo wa Thelin walilifungua Januari 1966 wakiuza vitabu vya dini za Mashariki na ubani, na kwamba walitenga chumba cha kutafakari ndani yake. California iliiharamisha LSD tarehe 6 Oktoba 1966. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 6 Oktoba 1967, vijana wa mtaa huo wakabeba jeneza na kumzika "hipi" kwa maandamano ya kuigiza, wakati ambapo duka hilo nalo lilikuwa linafungwa.

Ni hapa nilipoona upungufu wa kwanza. Namba 558 ya mtaa wa Clayton, ambako zahanati ya bure ilifunguliwa Juni 1967 na daktari kijana, David Smith, ilipewa dakika tatu tu. Katika kiangazi kile inakadiriwa kuwa vijana 100,000 waliingia mtaani, na zahanati hiyo iliwapokea waliopotewa na akili kwa dawa, waliougua magonjwa ya zinaa na waliokuwa hawajala. Ukitaka kueleza kwa nini mtu aliacha vidonge akaenda kuketi kimya mbele ya ukuta kwa namna ya Kizen, basi mlango ule ndio nusu ya maelezo. Wazazi waliokuwa wakibandika karatasi za kuwatafuta watoto wao nao walistahili kutajwa.

Upungufu wa pili ni wa uzito zaidi kwangu. Katika mwaka uleule wa 1967, mtaani humo kulifunguliwa chumba cha kahawa kilichoitwa Living Room, ambako mahipi waliomrudia Yesu waliwahubiria wenzao kwa lugha ya mtaani, na kutokana na juhudi kama hizo likakua vuguvugu kubwa la vijana Wakristo katika Marekani. Nilipouliza, bibi alinijibu kwa sentensi mbili za heshima, kisha akasonga mbele. Msafiri aliyelelewa katika Biblia ataona kwamba njia moja kubwa ya utafutaji ule imeachwa nje, nami naona ni kosa linaloweza kurekebishwa kwa kituo kimoja tu.

Sehemu ya mwisho ndiyo inayoibeba ziara. Tulitembea mtaa wa Page kuelekea mashariki, mwendo mrefu kidogo, hadi namba 300, penye jengo la matofali mekundu lililosanifiwa na Julia Morgan na kukamilika mwaka 1922 kama makazi ya wasichana wa Kiyahudi. Suzuki alikuja mwaka 1959 kuwahudumia waumini wa asili ya Kijapani katika hekalu la Sokoji, mtaa wa Bush. Vijana Wamarekani wakaanza kumjia alfajiri kuketi naye, kituo chao cha Kizen kikasajiliwa mwaka 1962, na mwaka 1969 kikahamia katika jengo hili. Alifariki Desemba 1971. Bibi alisimama kando ya ngazi, akatueleza kwamba alipofika hapo kwa mara ya kwanza alikuwa na maswali mengi kuhusu aliyoyaona akiwa amelewa LSD, naye akatarajia kufasiriwa. Aliyempokea alimwonyesha mto mweusi wa duara wa kukalia na namna ya kukunja miguu. Hakufasiriwa lolote. Alikasirika, akaondoka, na siku nne baadaye akarudi.

Kwa wanaotaka kujiunga: ziara huchukua takriban saa tatu, na mwendo ni wa kupanda na kushuka, kwa hiyo viatu vya mazoezi ni lazima. Julai mjini humo ina baridi, msidanganywe na jina la kiangazi. Tulikuwa watu 14, idadi iliyozidi kiasi, maana mabasi yakipita Haight sauti ya bibi haikuwafikia waliokuwa nyuma; chagueni siku ya kazi, ambapo vikundi ni vidogo. Naipa nyota nne kati ya tano. Ile ya tano nimeizuia kwa ajili ya mtaa wa Clayton na ule mlango wa Living Room, nami nilimwambia bibi hivyo ana kwa ana tulipoagana. Alitoa daftari mfukoni, akaandika, kisha akaniuliza kama goti limepoa.