Neno "tu" lililonikalisha miezi mitatu

Jina la hospitali siandiki. Ni ya binafsi, hapa hapa Dar es Salaam, na mimi nataka kusema kilichonipata chumba cha daktari, basi.

Kazi yangu ni kushona. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na mguu ninaoutegemea kwa kazi hiyo ni wa kulia, huo huo ulioumia. Ilikuwa kipindi cha mvua. Nashuka kwenye daladala, konda anapiga kelele "shuka shuka mama", nikakanyaga ukingo wa mtaro uliobomoka. Unyayo ukajikunja kwa ndani na uzito wangu wote ukaufuata. Nilisikia kitu kikilia "pwa" upande wa nje wa kifundo. Nikakaa pale pale kwenye tope. Kabla hata bodaboda haijanifikisha hospitali kifundo kilikuwa kimeshajaa, mfupa wa pembeni hauonekani tena.

Watu wa mapokezi sina neno nao. Dada wa chumba cha eksirei nitamwombea mpaka nife: alinishika kiuno nikapanda kitandani, akanikunjia khanga yake mwenyewe chini ya goti, na kila alipotaka kuugeuza mguu aliniambia kwanza. Alivyonipokea yeye, nikajua nimefika mahali pazuri.

Kisha nikaingia kwa daktari. Kijana, sawa na mdogo wangu wa mwisho. Mlango uko wazi, foleni nzima inatusikia. Akaangalia picha kwenye kompyuta, mguu wenyewe hakuutazama, achilia mbali kuugusa.

"Mfupa mzima. Umeteguka tu."

Nikamwambia, "Daktari, lakini siwezi hata kukanyaga."

"Mama, wenzako huko nje wamevunjika kabisa na wametulia. Wewe kuteguka tu unalia? Nenda kakande na maji ya moto. Dawa za maumivu chukua dirishani. Anayefuata!"

Nilitoka narukaruka kwa mguu mmoja, nimeshika ukuta, na watu wa foleni wananitazama usoni. Nina watoto watatu, wote nimewazaa bila kupiga kelele. Mimi si mtu wa kulia ovyo. Siku ile nililia kwenye bodaboda njia nzima, na haukuwa mguu.

Basi nikakanda. Si daktari kasema? Maji ya moto na chumvi, asubuhi na jioni, kuanzia usiku ule ule. Mguu ukavimba mpaka vidole vikabanana, weusi ukashuka hadi pembeni ya unyayo. Jirani akaja kuuchua kwa mafuta ya nazi, nikang'ata shuka. Wiki kama tatu hivi baadaye uvimbe umepungua, nikajiona nimepona, nikarudi kwenye cherehani maana nilikuwa na sare za harusi za watu. Siku ya pili au ya tatu nimetoka uani kuanika nguo, uwanja tambarare, hakuna shimo wala jiwe, mguu ukaniachia tena. Ule ule, upande ule ule. Sare zile nilirudisha pesa ya watu.

Safari hii nikaenda hospitali ya serikali, idara ya fizio, wale wa tiba ya mazoezi. Foleni ya huko mnaijua. Nilifika kabla hakujapambazuka nikaingia ndani karibu na adhuhuri, na nilikuwa nimeshaandaa maneno ya kugombana. Sikuyatumia. Yule fizio alivuta kiti akakaa chini yangu, akaweka mguu wangu kwenye paja lake, akasema, "Mama, nianzie mwanzo. Ulijikunja vipi?" Akabonyeza mfupa kwa kidole taratibu, hapa panauma, hapa je. Halafu akashika muundi kwa mkono mmoja na kisigino kwa mwingine, akakivuta kisigino kuja mbele. Akafanya vile vile kwa mguu wa kushoto, usioumia. "Umesikia tofauti? Huu unacheza."

Ndipo nikaelezwa nilichopaswa kuelezwa siku ya kwanza. Upande wa nje wa kifundo kuna kano tatu zinazofunga mifupa isiachane. Ukijikunja kwa ndani, ya mbele ndiyo huumia kwanza. Inaweza kuvutika, inaweza kuchanika kiasi, inaweza kukatika kabisa, na yote hayo mtaani tunayaita kuteguka. Eksirei huonyesha mfupa, kano haionyeshi. Kwa hiyo picha yangu ilikuwa safi na mguu wangu ulikuwa umeharibika, na yote mawili ni kweli.

Nikamuuliza kama kupigwa picha kulikuwa wizi wa pesa zangu. Akasema hapana. Kuna kanuni zilizotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992: kama mtu hawezi kupiga hatua 4, pale alipoumia na tena akifika hospitali, au ukibonyeza mfupa sehemu fulani za kifundo unauma, apigwe picha. Mimi hata hatua moja sikuweza. Kwa hiyo kwenye picha daktari wangu alifanya sawa, naliandika hilo ili haki itendeke. Hata P.O.P, ile plasta ngumu, ambayo majirani wote walisema alininyima, fizio alisema kano za namna yangu hazihitaji kufungwa wiki na wiki. Zinahitaji bandeji ya kushikilia, mguu uinuliwe siku za mwanzo, maji ya moto yakae mbali uvimbe ukiwa mbichi, kisha mguu uanze kutembezwa mapema kadiri maumivu yanavyoruhusu.

Kisha akauliza kazi yangu. Nilipomwambia cherehani alifurahi kabisa! Akanipangia: kwanza kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, A mpaka Z. Halafu kusukuma unyayo nje dhidi ya kipande cha tyubu ya baiskeli kilichofungwa kwenye mguu wa kitanda. Halafu kusimama kwa mguu mmoja nikipiga mswaki, na nikishaweza, nifumbe macho. Hilo la macho jaribuni muone. Mara ya kwanza sikumaliza hata kuhesabu tatu. Alisema kano ikiumia, mguu husahau uko wapi, na usipoufundisha upya utajikunja tena na tena. Pedali ya cherehani akaiweka mwisho, bila kitambaa, dakika chache, kama zoezi. Miezi mitatu hivi, na sasa nashona.

Nilipoanza kuandika nilitaka kuwapa nyota tatu. Nilijiambia labda kijana yule alikuwa amekesha zamu, picha alisoma vizuri, mfupa kweli ulikuwa mzima. Lakini kila nikifika kwenye tyubu ya baiskeli napandwa na hasira upya. Kipande kile nilipewa bure na fundi wa pembeni! Nilichokosa chumbani mle hakikuwa mashine wala dawa ya bei. Ni mkono juu ya mguu, swali moja la kazi yangu, na maneno ya dakika tano. Nililipa Sh 55,000 nikapewa "tu", tena mbele za watu.

Nyota moja, na ni ya yule dada wa eksirei. Khanga yake niliondoka nayo siku ile kwa kuchanganyikiwa. Nimeifua, nimeipinda ukingo uliokuwa umefumuka, na wiki hii nampelekea.