Sponji za Kung'arishia Gari: Kuosha kwa Mkono au kwa Mashine ya Kufulia?

Sponji za kung'arishia rangi ya gari zinaweza kuoshwa kwa mkono au kutiwa kwenye mashine ya kufulia, na tofauti kubwa ya njia hizi iko zaidi kwenye gundi inayoshikilia velkro, yaani kitambaa cha mgongoni kinachoinasisha sponji kwenye mashine ya kung'arishia, kuliko kwenye usafi wenyewe. Kwa mkono, unaibinya sponji kwa kiganja ndani ya maji ya uvuguvugu yenye sabuni laini, bila kuisokota, hadi ute mweupe wa polishi uliojificha kwenye vitundu uishe na maji yatoke safi. Mashine huokoa muda sponji zikiwa nyingi, lakini maji ya moto na mzunguko wa kasi hulegeza gundi, na velkro ikishaanza kubanduka ukingoni, sponji hiyo si salama tena kufungwa kwenye mashine ya kung'arishia. Anayetumia mashine ya kufulia achague maji baridi, azitie kwenye mfuko wa wavu, na asizichanganye na nguo, kwa kuwa nyuzi hung'ang'ania velkro. Kwa sponji chache, nachagua mkono.

Ukaushaji haubadiliki: kivulini penye upepo, juu ya waya, velkro ikitazama juu ili maji yashuke mbali na gundi.