Bodi ya tipa kwenye Unimog: jeki safi, ufungaji wa hovyo

Niseme mapema, bodi ya tipa niliyofungiwa kwenye Unimog yangu, lori la porini la Mercedes-Benz, yenyewe sina ugomvi nayo. Ukiwasha pampu inayochukua nguvu kwenye giaboksi, jeki inapanda bila kusita na kokoto zote zinamwagika. Kazi iliyotutoa jasho kwa sepetu sasa ni ya dakika chache. Kwa hilo ningetoa nyota zote.

Lakini ufungaji! Jamaa anajiita bingwa wa tipa, na amechomelea fremu ya bodi moja kwa moja kwenye chesisi, kulia na kushoto, kuanzia nyuma ya kebini hadi mkiani. Hili si lori la kutembea kwenye lami tu. Chesisi ya Unimog imeundwa ijipinde: tairi moja likipanda jiwe na jingine likizama shimoni, chesisi inajisokota ili magurudumu yote yaendelee kushika ardhi. Ndiyo maana bodi zake hukalishwa kwenye egemeo chache zinazocheza. Ukiibana kila mahali, ule msokoto lazima utafute pa kutokea. Kwangu umetokea nyuma ya kebini, pale mshono wa kuchomelea unapoishia. Rangi ilianza kubanduka, nikasugua kwa brashi ya waya, nikakuta ufa mwembamba kama unywele, tayari una kutu. Na joto la kuchomelea lilishadhoofisha chuma palepale.

Nikampelekea. Hakuinama hata kuangalia. Akafuta mikono kwa tambara, akaniambia mbele ya vijana wake, "Bosi, wewe endesha, ufundi tuachie sisi. Umezidisha mzigo." Hakuuliza hata nilibeba nini!

Halafu akainua bodi, kijana wake akaingia chini kukaza paipu ya haidroliki bila kusimamisha nguzo ya kuizuia. Paipu ikiachia hapo, bodi nzima inamshukia mtu. Nikamfokea kijana atoke. Bosi wake akacheka. Kile kicheko bado kinanichemsha damu.

Nilitaka kuandika kwamba kazi yao ni ya wastani. Hapana. Mtu anayecheka mwenzake akiwa chini ya bodi iliyoinuliwa asipewe lori la mtu yeyote.

Je, nashauri kufunga tipa kwenye lori la porini? Wiki ile ningekataa kabisa. Sasa fundi mwingine amekata ule mchomeleo wote, ameshughulikia ufa, na kuifunga bodi upya: nyuma imebanwa imara kwenye bawaba, mbele boliti zina springi, kwa hiyo chesisi inacheza. Nimeipitisha kwenye makorongo, haigongi wala hailii. Basi fungeni, ila kabla fundi hajawasha mashine mwambie akuonyeshe bodi itashikwa wapi na itaachiwa wapi. Akianza kufoka, geuza lori.

Yule wa kwanza bado ananipigia simu akidai salio lake. Silipi.